Mfuko wa Rambo Umedumu Kuliko CD

Msikilizaji wangu, kabla sijasema neno, sikiliza hiki.

Umesikia? Huo mchakacho ni wa mfuko wa rambo, ile mifuko iliyopigwa marufuku Juni 2019. Bwana wa mazingira akinisubiri nje ya studio nitamwambia ukweli: sikuununua jana. Umekaa juu ya kabati langu tangu enzi ulipokuwa ukipewa bure kwa kununua nyanya. Ndani yake mna CD 61. Nilizichoma mwenyewe kati ya 2003 na 2006, miaka ile ambayo mchana nilizunguka pwani na kinasa sauti begani nikirekodi wazee, na Ijumaa usiku nikiwawekea taarabu hapa hapa redioni. Mwezi uliopita nikaushusha mfuko, nikapangusa vumbi, nikaanza kutafuta kompyuta yenye mlango wa CD. Hilo peke yake lilinichukua siku nne, maana kompyuta za sasa hazina mlango huo.

CD nzima ukiitia, mashine huvuma kidogo, ikatulia, faili zikajitokeza. CD mbovu nayo ina mlio wake. Inavuma, inasita, inarudi nyuma, inavuma tena, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Ukisubiri dakika tatu nne inakuambia hakuna diski, na diski umeitia wewe kwa mkono wako. Karibu nusu ya mfuko ilinijibu hivyo. Na mfuko wenyewe mzima, hauna hata tundu.

Katika zilizokataa imo moja iliyoniuma kuliko zote. Ni mazungumzo ya dakika tisini na fundi wa majahazi wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, akinieleza tangu kuchagua mti wa mkuku hadi chombo kinashushwa majini. Mzee mwenyewe ametangulia mbele ya haki miaka mingi. Nitarudi kwake.

Nimeubeba mfuko huu leo kwa sababu ya ujumbe wa msikilizaji mmoja wa Tanga. Anasema amekusanya picha za babu yake, video za harusi tatu, na hati ya kiwanja aliyoipiga skana, na anataka kununua kitu cha kuzihifadhia mpaka wajukuu wazikute. Anauliza anunue flashi, ile inayoitwa hadi diski, DVD, au aziweke huko wanakokuita kwenye wingu. Kipi kinadumu? Swali zuri, na nitalijibu, ila jibu langu halitamfurahisha mwenye duka.

Tuanze na hizi CD, maana ndizo zilizonitoa machozi. CD ya muziki ya kiwandani na CD tupu uliyoichoma steshenari zinafanana sura tu. Ile ya kiwandani imepigwa chapa, vishimo vyake vimo kwenye plastiki yenyewe. Hii ya kuchoma ina utando wa rangi ya kikemia, na leza huiunguza rangi hiyo nukta kwa nukta. Nyuma ya rangi kuna utando mwembamba wa fedha, fedha kama ya mkufu, wa kurudisha mwanga. Juu ya fedha kuna vanishi nyembamba, na safari imeishia hapo. Watu huogopa mikwaruzo ya upande wa chini unaong'aa, kumbe upande huo umekingwa na plastiki ya zaidi ya milimita moja. Roho ya CD iko upande wa juu, pale unapoandika jina. Ukiandika kwa kalamu ya ncha ngumu umeichoma mkuki. Ukiibandika karatasi ya gundi, gundi inaanza kazi yake polepole. DVD ina afadhali kidogo kwa hilo, kwa kuwa utando wake umelazwa katikati ya plastiki mbili kama nyama kwenye sambusa.

Ile ya Nungwi niliiinua mbele ya balbu. Ukingoni fedha imebanduka vipande vipande, kama magamba ya dagaa. Katikati kuna vitundu vya mwanga, vidogo, vingi. Na pale nilipoandika kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko mzuri kabisa, NUNGWI 2, wino umepenya vanishi ukafika ndani. Mwanga ulipita kwenye umbo la herufi zangu.

Tena pwani yetu hii ina maadui ambao kiwanda hakikuwafikiria. Mwaka 2001 watafiti wa Hispania walieleza habari za kuvu, aina ya Geotrichum, aliyekutwa kwenye CD iliyotoka Belize, nchi ya joto na unyevu kama kwetu. Kuvu yule alikuwa anaitafuna CD, anaingia ukingoni na kuacha njia tupu nyuma yake. Basi wewe weka CD zako juu ya kabati la chumba kisichopitisha hewa, msimu wa masika, halafu uje unilaumu mimi.

Makasha ya CD nilizonunua yaliandikwa miaka 100. Sikujiuliza wakati ule, leo najiuliza: CD za kuchoma ziliingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990, nani basi aliyekaa nazo miaka 100 akarudi kutupa habari? Hakuna. Viwanda huzitia kwenye tanuri lenye joto na mvuke kwa wiki kadhaa, wakaangalia zinavyochakaa, kisha wakapiga hesabu. Hesabu hiyo huchukulia kwamba umenunua bidhaa safi, umeichoma kwa mashine nzuri, na umeiweka mahali pakavu penye giza na baridi. Siiti uongo. Naiita hesabu ya mtu asiyekaa Magomeni. Zipo diski za namna nyingine, M-DISC, ambazo utando wake haukutengenezwa kwa rangi bali kwa kitu kigumu mfano wa madini, nazo zinasifiwa kwa miaka 1,000. Zinaweza kuwa bora kweli kuliko hizi zangu. Ila hizo nazo zinataka mashine ya kuzisomea, na biashara yenyewe inafungasha virago: Sony waliacha kutengeneza diski za Blu-ray za kurekodia Februari 2025.

Flashi sasa, ndiyo kipenzi cha watu. Kila mtu ana flashi kwenye kishikio cha funguo, na kila mwanafunzi wa chuo ana hadithi ya tasnifu iliyokufa ndani ya flashi usiku wa kuamkia siku ya kuiwasilisha. Kwangu mimi flashi ni kikapu cha sokoni. Unabebea samaki hadi nyumbani, huwaachi humo walale.

Ndani yake hakuna kinachozunguka. Kuna vijumba mabilioni, na kila kijumba kimefungiwa chembe za umeme. Zamani kijumba kilishika biti moja, swali likawa jepesi: umeme upo au haupo? Siku hizi, ili flashi iwe kubwa na bei ipungue, kijumba kimoja hubebeshwa biti tatu, na mashine inalazimika kutofautisha viwango 8 vya umeme. Cha biti nne kina viwango 16. Na umeme huo unavuja, kidogo kidogo, na joto likizidi unavuja haraka zaidi. Ni sawa na kumwachia mtu mtungi wenye ufa, ukarudi baada ya miaka ukamwuliza ulijazwa vibaba vingapi. JEDEC, ndio wanaoweka viwango vya vifaa hivi, wanataka SSD, yaani diski ya vijumba kama hivi, ya mtumiaji wa kawaida, ikishatumika hadi ukomo uliokadiriwa, iweze kushika data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi joto 30. Mwaka mmoja tu. Ikiwa mpya hushika kwa muda mrefu zaidi, kweli. Lakini nyuzi 30, msikilizaji, kwetu Dar es Salaam mwezi Februari mchana huzipita.

Halafu kuna flashi za uongo. Niliuziwa moja, mahali sipataji, imeandikwa terabaiti 2, kwa bei ya sahani mbili za biriani. Kompyuta ikaisoma: terabaiti 2. Nikahamishia folda zangu kwa furaha, majina yote yakaonekana, ukubwa wote ukaonekana. Wiki iliyofuata nikafungua faili la kwanza, likafunguka. La hamsini, likafunguka. Kuanzia hapo kilichotoka kilikuwa kelele tupu. Ndani mlikuwa na gigabaiti 32, na kile kijiubongo cha flashi kimefundishwa kusema uongo: kinajitangaza kikubwa, na nafasi ikiisha kinapokea na kutupa. Kuona jina la faili si kuona faili. Ndiyo maana flashi au memori kadi mpya ninaijaza kwanza hadi pomoni kwa faili za majaribio, kisha naisoma yote upya. Zipo programu za bure za kazi hiyo, H2testw na F3. Inachukua saa nyingi. Mke wangu huuliza kompyuta inafanya nini usiku kucha, namwambia inahesabu mchele.

Hadi diski, ile ya sahani zinazozunguka, ndiyo ninayomshauri msikilizaji wa Tanga ainunue. Kwa wingi wa data na bei, kwa mtu wa nyumbani bado haijapata mpinzani. Si kwamba haifi. Kichwa chake cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache, na unywele wako mmoja ni mnene kuliko nafasi hiyo maelfu ya mara. Sasa fikiria mtoto anavuta waya na kitu kinaanguka kwenye sakafu ya saruji kikiwa kinazunguka. Backblaze, kampuni ya Marekani inayotunza data za watu kwenye hadi diski maelfu kwa maelfu, imekuwa ikichapisha takwimu za zinazokufa tangu 2013, na kwa kawaida ni kama 1 au 2 katika kila 100 kwa mwaka. Ni kidogo, mpaka iwe yako. Na hizo zao zimo kwenye vyumba vya baridi, hazijui umeme unaokatika saa mbili usiku na kurudi kwa kishindo.

Kwa hiyo nunua mbili. Usinunue pacha, za kiwanda kimoja zilizotoka sanduku moja siku moja, maana zilizozaliwa pamoja na kasoro huugua pamoja. Moja ikae kwako. Nyingine ikae mbali: moto wa jikoni na mafuriko ya Msimbazi havichagui nakala ya kwanza na ya pili. Yangu ya pili iko Dodoma kwa dada yangu, ambako hewa ni kavu na yeye ana kawaida ya kutomwazima mtu kitu. Kila Mfungo Mosi nikienda kumpa mkono wa Idi naiwasha, naisoma, naongeza vipya. Hadi diski iliyofungiwa kabatini miaka kumi bila kuwashwa usiihesabu kuwa nakala. Ni tumaini tu.

Wenzangu wa redio watanipigia simu wakisema, mbona husemi kanda? Nasema. Sisi watu wa redio tumelelewa na kanda, na kanda imetulea na kututia adabu. Kwenye maktaba za redio pwani hii ziko riili za miaka ya 1970 na 1980 ambazo gundi yake, ile inayoshika unga wa sumaku kwenye utepe, imefyonza unyevu hadi ikawa ulimbo. Ukiiweka kwenye mashine inalia. Mlio wenyewe unakata tumbo, kama msumari kwenye bati, na ukisimamisha upesi ukatazama kichwa cha mashine utakuta uji wa kahawia. Uji huo ni nyimbo. Dawa yake ukiambiwa utadhani unataniwa: unaioka. Nyuzi 54 hivi, saa nane au zaidi, polepole, kama kukausha papa, kisha una wiki chache za kuinakili kabla haijanyonya maji tena. Tanuri la mkate halifai, nasema mapema.

Kanda za kompyuta za leo ni wajukuu wa hizo, ila wamesoma. Aina yake kubwa inaitwa LTO. Ilianza 2000, na kizazi cha tisa kilichotoka 2021 kinabeba terabaiti 18 kwenye kikasha kinachoingia mfuko wa koti. Inakadiriwa kukaa miaka 30 ikihifadhiwa kwenye nyuzi 16 hadi 25 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Maktaba za taifa, benki, vituo vikubwa vya televisheni, wote huko ndiko waliko, na wana haki. Lakini mashine ya kuisomea ni mamilioni ya shilingi, na hakuna kizazi cha mashine kinachosoma zaidi ya vizazi viwili vya nyuma yake. Chuo au redio inaweza. Baba wa watoto wanne Tanga hawezi, na asijaribu.

Tena kanda ina fitina moja ambayo haitajwi kwenye matangazo: inafutika na kutumika upya. Mwaka 2009 NASA walieleza kwamba kanda asilia zilizonasa picha za mtu wa kwanza kutembea mwezini 1969, zile zenye picha safi kuliko iliyoonekana kwenye televisheni, yaelekea zilifutwa na kurekodiwa mambo mengine, kwa sababu kanda zilikuwa adimu. Picha za televisheni zilibaki, tunazo. Zile safi ndizo zilizokwenda.

Sasa niwasafirishe kidogo. Nungwi iko ncha ya kaskazini ya Unguja. Ukishuka hadi kusini, Kizimkazi Dimbani, uko msikiti ambao sehemu yake kubwa ilijengwa upya karne ya 18, lakini kibla chake kina maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la tumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Ukienda leo unaisoma tarehe hiyo, ukiwa umejifunza Kikufi. Miaka 21 kabla ya jiwe hilo, mwaka 1086, Uingereza ardhi, mifugo na vinu vya watu viliorodheshwa kwa amri ya mfalme, vikaandikwa kwenye ngozi ya kondoo. Kitabu hicho kinaitwa Domesday Book, na kipo Kew, London, kinasomeka.

Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu hicho, BBC na wenzake wakafanya kazi ya aina yake. Zaidi ya watu milioni, wengi wao watoto wa shule, walipiga picha na kuandika habari za vijiji vyao, zote zikatiwa kwenye diski mbili kubwa za leza. Ilikuwa fahari ya teknolojia. Lakini diski zile zilisomwa na mashine maalumu moja, ikiunganishwa na kompyuta maalumu moja, na mashine ile haikupata soko. Miaka 16 baadaye, diski zikiwa nzima kabisa, watu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan ilibidi watengeneze programu ya kuigiza kompyuta iliyokufa ili mambo ya watoto wale yaonekane. Ngozi ya kondoo ya 1086 ilikuwa bado inafunguliwa kwa mkono.

Hapo ndipo wengi hurukia kusema: basi turudi kwenye jiwe na ngozi. Mimi siendi huko. Jiwe la Kizimkazi limebeba mistari michache. Video za harusi tatu litabeba nini? Na karatasi ya pwani, ndugu yangu, unajua mwenyewe. Mchwa, mende, joto, chumvi ya kusi. Tendi za kale zilizoandikwa Pate na Lamu kwa herufi za Kiarabu hazikutufikia kwa ugumu wa karatasi yake. Karatasi nyingi za mwanzo ziliisha. Zilitufikia kwa sababu walikuwapo watu ambao karatasi ikianza kutoboka huketi, wakachovya kalamu, wakaandika upya mwanzo hadi mwisho. Lamu alikuwapo Muhamadi Kijuma, mshairi, mchonga milango, mpiga gambusi, aliyefariki 1945. Aliandika nakala kwa nakala za tendi za wengine, nyingine kwa kuagizwa na wataalamu wa Ulaya, na leo mwandiko wake mzuri ule unasomwa London na Ujerumani. Nakala moja Lamu, nyingine ng'ambo ya bahari. Angekuja leo nikamwonyesha hadi diski ya Dodoma asingeshangaa hata kidogo. Angeuliza tu nani atakayeinakili tena.

Basi msikilizaji wa Tanga, hilo ndilo jibu langu. Kila kifaa ulichonitajia ni mlinzi wa zamu. Huyu zamu yake miaka mitano, yule kumi, yule wa LTO thelathini akipewa kiyoyozi. Ukimpata mlinzi mzuri shukuru, lakini cha kumuuliza ni nani anampokea asubuhi. Hadi diski yangu ikifika miaka mitano au sita nahamisha kila kitu kwenye mpya, hata kama haijakohoa.

Na kunakili kwenyewe kuna uaminifu wake. Mwandishi wa zamani alihesabu beti. Sisi kompyuta hutuhesabia: kuna hesabu inayoitwa SHA-256, unaipa faili, inakurudishia mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Badilisha nukta moja ya picha, mfululizo wote unageuka. Ninazo orodha za mifululizo hiyo za faili zangu zote, nimezichapa kwenye karatasi pia, na kila ninapohamisha nalinganisha. Mara mbili imenikamatia faili lililooza kimya kimya, jina zuri, ukubwa sahihi, ndani kumeharibika. Nikalirudisha kutoka Dodoma.

Wingu nalo? Wingu ni kompyuta ya mtu mwingine ndani ya jengo la mtu mwingine. Jengo huungua. Strasbourg, Ufaransa, Machi 2021, jengo zima la kampuni ya OVHcloud liliteketea, na wateja ambao hawakuwa na nakala kwingine waliishia hapo. Mwaka 2019 MySpace walikiri kwamba nyimbo zilizopandishwa kwao kabla ya 2016 zimepotea walipokuwa wakihamisha mitambo. Na Google, tangu Desemba 2023, wana ruhusa ya kufuta akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili. Miaka miwili baada ya mazishi ya baba, nani nyumbani anajua nywila yake? Mimi naliweka wingu kuwa nakala ya tatu, kwa vile vichache ambavyo nisingependa kuvikosa, na nywila imo kwenye bahasha pamoja na hati ya nyumba.

Nimesema vichache makusudi. Mpwa wangu ana picha 11,000 kwenye simu, na katika hizo nilihesabu 40 za sahani moja ya pweza. Akiniambia anataka kuhifadhi zote namwambia hajahifadhi hata moja. Chagua. Ziandike majina ya watu waliomo, mwaka na mahali, maana sura ya mtu asiye na jina kwa wajukuu ni mgeni. Hati ya kiwanja ichapishe karatasi pia. Sauti iweke kwenye WAV, picha kwenye JPEG au TIFF, zile aina ambazo kila programu inazisoma, usizifungie kwenye aina ya programu moja inayotaka ada kila mwezi.

Sasa turudi kwa mzee wetu.

CD ilipokataa, nilikumbuka kwamba 2004 nilimpelekea nakala. Hakuwa na kompyuta wala haja nayo, kwa hiyo nilimrekodia kwenye kaseti, ya dakika tisini, arobaini na tano kila upande. Wiki mbili zilizopita nikapanda boti, nikachukua daladala namba 116 kutoka mjini, nikabisha hodi Nungwi. Bibi, mjane wa mzee, yupo, Mungu amempa umri. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza. Akamtuma mjukuu ndani, akarudi na kopo la maziwa ya unga, na ndani, kwenye kitambaa, kaseti. Miaka ishirini, mita mia mbili kutoka baharini. Mjukuu akaazima redio ya kaseti kwa jirani.

Upande wa kwanza ni mzima. Mzee anacheka, jogoo anawika, shoka linasikika kwa mbali. Anaeleza mkuku, anaeleza mataruma, anaeleza kwa nini mti uliopinda na upepo ni bora kuliko uliopindwa na mtu. Tukageuza. Upande wa pili anaanza, "Sasa tukija kwenye kukalafati," kisha sauti ikakatika, na taarabu ikaingia. Violini, udi, mwanamke anaimba. Bibi alikuwa ameirekodi kutoka redioni, Ijumaa moja usiku, juu ya sauti ya mume wake. Wimbo ukaisha, mtangazaji akaingia kuwatakia watu usiku mwema, na mtangazaji ni mimi.

Nikamtazama bibi. Akatabasamu. "Usiku ule ulituwekea nyimbo nzuri, mwanangu," akaniambia.

Fundi mitambo, tuwekee upande wa kwanza.